Ukitaka kuhesabu watoto, mvike baba: kufuatilia uzazi wa mbweha masikio kwa kola

Mtu akikuambia kwamba amemvika mbweha kola, yaani mkanda wa shingoni wenye kifaa cha kumfuatilia, ili ajue habari za uzazi wake, mwulize kwanza amemvika nani. Mara nyingi atakujibu: jike. Wote tunaanza hivyo. Mimba ni ya jike, maziwa ni ya jike, basi na kola iende kwa jike. Kwa mbweha masikio wa Serengeti, Ngorongoro au Laikipia, mpango huo unakupa nusu ya habari, na nusu inayobaki nje ndiyo yenye uhondo.

Sababu iko kwenye chakula. Mnyama huyu wa kilo 3 hadi 5 anaishi kwa wadudu, hasa mchwa wavuna nyasi, Hodotermes mossambicus, wanaotoka ardhini kukata nyasi kavu, pamoja na mende wa kinyesi na mabuu yao. Mbwa mwitu hurudi kutoka mawindoni akawatapikia watoto nyama. Mchwa hawabebeki namna hiyo. Dume wa mbweha masikio hana cha kuleta nyumbani, kwa hiyo anatoa kitu pekee alicho nacho, yaani muda. Anakaa shimoni na watoto, anawapa joto, anamkabili bweha mgongo mweusi anayekuja kunusanusa, na wakishapata miguu ndiye anayetoka nao kwenda kula. Jike naye anatumia usiku wake kutafuta mchwa wa kutosha kugeuka maziwa. Utafiti wa Harry Wright huko Laikipia, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba kilichotabiri vizuri kuliko vyote idadi ya watoto watakaookoka ni muda ambao baba aliutumia shimoni.

Kwa hiyo mwongozo huu unahusu kuvika wawili, dume na jike wa shimo moja. Ukiwa na kola 20, vika jozi 10 badala ya majike 20. Tanzania siku hizi maofisa huviita vifaa hivi visukuma mawimbi, lakini porini utasikia "kola" tu, nami nitafuata porini.

Hatua ya 1: Kalenda, ukianzia mwisho

Serengeti, watoto wengi huzaliwa kati ya mwisho wa Agosti na Oktoba. Mimba huchukua siku 60 hadi 75. Hesabu kurudi nyuma utaona kwamba kupandana kunaangukia kati ya Juni na Agosti. Kola inapaswa kuwa shingoni kabla ya hapo, na mnyama awe ameshaizoea.

Lakini kabla ya hapo kuna masika. Machi hadi Mei udongo mweusi wa mbuga unanasa gari mpaka ekseli, na hakuna anayekamata mbweha huku akisukuma gari. Dirisha lako la kazi basi ni jembamba: mwisho wa Mei hadi katikati ya Juni. Kuanzia Julai mchukulie kila jike mzima kuwa ana mimba hadi uthibitishe vinginevyo, na kuanzia Agosti usikamate jike kabisa mpaka watoto waache ziwa, jambo linalochukua wiki 10 hadi 15. Ukifika hifadhini Agosti na sanduku la kola kwa sababu fedha za mradi zilichelewa, ziache sandukuni. Fanya kazi ya kamera za mtego, zile zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, mwaka huo, uvike mwaka unaofuata. Najua mfadhili hatafurahi.

Usinakili kalenda ya watu wa kusini mwa Afrika. Kule watoto huja baadaye kidogo, na wakati wa baridi mbweha hao hutembea mchana sana kuliko wetu, ambao karibu shughuli zao zote ni za usiku.

Hatua ya 2: Vibali

Tanzania, maombi ya utafiti wa wanyamapori yanapitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, mgeni anahitaji pia kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na wenye eneo, yaani TANAPA wa hifadhi za taifa au Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, wana masharti yao. Kenya utahitaji NACOSTI (tume ya sayansi), WRTI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na KWS (shirika la wanyamapori). Wengi husahau masafa ya redio: ulizia mamlaka ya mawasiliano, TCRA, au CA kwa Kenya, kabla hujaagiza kola, kwa kuwa kiwandani wanazitengeneza kwa masafa uliyoyataja na huwezi kuyabadilisha ukiwa Seronera, katikati ya Serengeti. Kama utachukua sampuli za damu au vinasaba kwenda kupimwa nje ya nchi, hicho ni kibali kingine, nacho hakina haraka.

Hatua ya 3: Kuchagua kola

Anza na mizani. Kanuni ya kawaida inasema kola isizidi asilimia 5 ya uzito wa mnyama, na wengi wetu tunabaki kwenye 3. Mbweha wa kilo 4 kwa asilimia 3 anabeba gramu 120. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kama kilo 2 na kidogo, zimening'inia shingoni, usiku na mchana, kwa miezi minane. Ukiliweka hivyo akilini, hutamsikiliza muuzaji anayekuambia "hii imezidi kidogo tu".

Gramu hizo zinakupa njia mbili. Kola ya VHF ni nyepesi na bei yake ni nafuu: inapiga mlio, wewe unautafuta kwa antena na kipokezi. Kola ya GPS inajirekodia mahali ilipo, nawe unasogea hadi mita mia chache na kuvuta taarifa kwa redio bila kumgusa mnyama. Zile zinazotuma moja kwa moja kwa satelaiti kwa kawaida ni nzito mno kwa mnyama wa ukubwa huu. Kwa utafiti wa uzazi chukua GPS yenye mlio wa VHF ndani yake. Bila mlio utajua alikokuwa juzi na hutaweza kumfikia leo.

Kuna mambo matatu ambayo katalogi haitakuambia.

La kwanza, antena. Mbweha masikio hulala wamegusana na hurambana na kuchokoana manyoya muda mrefu. Waya wa antena unaochomoza nyuma ya shingo ni mwaliko wa kutafunwa, kwanza na mwenzi, halafu na watoto. Agiza antena iliyoshonewa ndani ya mkanda, hata kama inapunguza umbali wa mlio.

La pili, namna ya kudondoka. Vifaa vya kujifungua kwa umeme vinaongeza uzito. Kipande cha ngozi au cha pamba kilichoshonwa katikati ya mkanda kinaoza na kukatika chenyewe, na hicho ndicho bima yako ukishindwa kumkamata tena. Usivike kola isiyo na kipande hicho, na usimvike mbweha ambaye bado anakua.

La tatu, alama. Utataka kamera imtofautishe baba na mama usiku. Watu hubandika utepe mwekundu kwa jike na wa bluu kwa dume, kisha wanashangaa picha zote zikija nyeusi na nyeupe. Mwanga wa infraredi haujui rangi. Tumia mistari ya utepe unaong'aa: mmoja kwa dume, miwili kwa jike.

Hatua ya 4: Bajeti ya betri

Betri ndogo ni kama mshahara wa mwisho wa mwezi: ukiitapanya mapema, siku ya shida hauna. Ukirekodi mahali alipo kila saa kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi utapata rekodi, au pointi, 13 kwa usiku, na kwa usiku 240 ni pointi 3,120. Afadhali uigawe. Kwa usiku 180 wa kawaida rekodi kila saa mbili, pointi 7 kwa usiku, jumla 1,260. Kwa usiku 60 wa msimu wa kuzaa, Septemba na Oktoba, rekodi kila nusu saa: pointi 25 kwa usiku, jumla 1,500. Umetumia 2,760, chini ya mpango wa kwanza, na umeona mara mbili zaidi pale unapohitaji kuona.

Weka pia kikomo cha muda wa kutafuta satelaiti, sekunde 60 hadi 90. Mbweha akiwa ardhini kola haioni mbingu, lakini itaendelea kutafuta na kula betri mpaka uiambie iache.

Kola za dume na jike zirekodi dakika ileile. Hili ni la kupanga kabla hujamkamata yeyote, maana ndilo litakalokupa umbali kati yao.

Hatua ya 5: Sumaku na mazoezi

Kola inakuja na sumaku ndogo iliyobandikwa kwa utepe. Sumaku ikiwepo, kola imezima. Ukiitoa, inaamka. Nimewahi kushuhudia mnyama aliyekamatwa kwa shida kubwa akiachiwa na kola nzuri sana, imefungwa vizuri sana, na sumaku yake juu. Hakuonekana tena. Tangu siku hiyo, kwenye kikosi ninachofanya kazi nacho, sumaku inabandikwa kwenye karatasi ya mnyama huyo kabla dawa ya usingizi haijavutwa kwenye sindano, na mlio unasikilizwa kwa sauti mbele ya wote.

Kabla ya hapo, fanyeni zoezi. Mmoja azifiche kola tatu uwandani, moja iwe ndani ya shimo tupu lililochimbwa na mhanga, yule mnyama mla mchwa, wengine wazitafute. Chukua mwelekeo kwa dira kutoka sehemu tatu tofauti, mistari ikikutana kwa pembe pana, siyo yote kutoka upande mmoja wa barabara. Mtajifunza mambo mawili ambayo hayafundishiki ofisini: mlio unagonga vilima vya mawe na kukurudia kutoka upande usio wake, na kola iliyo shimoni inasikika kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Ikariri sauti hiyo. Septemba utaihitaji.

Hatua ya 6: Kukamata

Hapa anayeamua ni daktari wa wanyamapori, na hatua hii haina toleo la kufanya peke yako. Mtego wa sanduku wenye nyama utakuletea bweha, nguchiro, na pengine fisi aliyekasirika; mla mchwa haoni sababu ya kuingia. Mshale wa dawa kwa mnyama wa kilo 4 una hatari yake, kwani misuli ni midogo na mfupa uko karibu. Vikosi vingi hupendelea nyavu, ama kwenye mlango wa shimo miezi ambayo haina watoto, ama usiku kwa gari na taa. Kuchimba shimo ni mwiko.

Dawa za kawaida ni ketamini pamoja na medetomidini, na medetomidini ina dawa ya kuondoa nguvu yake, atipamezoli. Dozi muachie daktari. Kazi ya wengine ni hii: funika macho kwa kitambaa na uyapake mafuta yake yasikauke, pima joto la mwili kila dakika tano, pima uzito ndani ya mfuko, vika kola, chukua sampuli, maliza. Usiku wa Serengeti mwezi wa Juni ni baridi, na mnyama mwenye masikio kama majani ya mgomba anapoteza joto upesi. Blanketi lisikose.

Kola ipite juu ya manyoya huku vidole viwili vikiingia chini yake kwa ulaini. Ikiwa pana, mguu wa mbele utanasa humo anapojikuna. Ikiwa finyu, kidonda.

Ukiwa na jike mikononi, angalia chuchu. Ana nne tu. Chuchu ndogo za rangi hafifu ni za jike asiyewahi kunyonyesha. Ndefu na nyeusi ni za aliyewahi. Hiyo ni historia ya uzazi ya mwaka uliopita, bure, ndani ya sekunde kumi. Chukua manyoya yenye mizizi kwa ajili ya vinasaba, weka chipu chini ya ngozi ili umtambue hata kola ikipotea, kisha mrudishe palepale mlipomkamata. Kaeni hadi atembee bila kuyumba. Dume na jike wake wakamatwe usiku tofauti.

Kila mtu kwenye kikosi, pamoja na dereva, awe amechanjwa kichaa cha mbwa kabla ya siku ya kwanza. Akiumwa hata kidogo: sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo, chanjo au hakuna chanjo.

Hatua ya 7: Saa

Hiki ni kidonda chetu sisi wasema Kiswahili, kwa hiyo nitakaa nacho. Kola hurekodi kwa saa za UTC, saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Daftari la mhifadhi limeandikwa saa za Kiswahili. Kompyuta ya ofisini inaonyesha 21:00. Mbweha aliyetoka shimoni saa 3 usiku yuko 18:00 kwenye faili la kola. Mtu akiisoma 18:00 ile kama saa 12 jioni, ameshaharibu kazi: mbweha wake sasa wanatoka jua likizama, wanaacha watoto mchana, na kuna makala nzima ya kueleza tabia ambayo haikuwahi kutokea.

Chagua mfumo mmoja kwa ajili ya kompyuta, na kwenye daftari waache watu waandike kwa Kiswahili wanavyoongea, mradi waandike "usiku", "alfajiri" au "jioni" pembeni ya namba kila mara. Anayebadilisha awe mtu mmoja, siku zote huyohuyo. Na kila usiku uitwe kwa tarehe ya jioni yake. Usiku wa tarehe 14 unaisha alfajiri ya tarehe 15 na bado ni wa 14. Usipofanya hivyo kompyuta itaukata kila usiku vipande viwili.

Hatua ya 8: Kupandana

Kwa pointi za dakika ileile, kokotoa umbali kati ya dume na jike kila usiku kuanzia Juni. Weka chati. Jozi hii kwa kawaida hutembea pamoja, kwa hiyo usitarajie mlipuko; unachotafuta ni siku chache ambapo umbali unashuka na kubaki chini bila kupanda, kwa sababu jike yuko kwenye joto, yaani tayari kupandwa, na dume hamwachi. Kosa la GPS kwenye uwanda wazi ni mita kadhaa kwa kila kola, basi usipoteze usingizi kutofautisha mita 5 na 12. Andika tarehe hizo kama makisio. Ongeza siku 60, ongeza siku 75, na hapo ndipo betri ihamie kwenye nusu saa.

Hatua ya 9: Kuzaa ni ukimya

Hakuna kola itakayokuletea ujumbe kwamba jike amezaa. Itanyamaza. Pointi za jike zinaanza kukosekana, tatu, tano, kumi kwa usiku, kwa sababu yuko chini ya ardhi. Zile zinazopatikana zinalundikana kwenye mlango mmoja. Wageni wa kazi hii hufuta pointi zilizokosekana wakidhani ni hitilafu, na hapo wanafuta kuzaliwa kwenyewe. Zihifadhi. Kipimo ninachotumia: usiku tatu mfululizo ambapo pointi nyingi ama zimekosekana ama ziko ndani ya mita 50 za shimo lilelile. Usiku mmoja pekee hautoshi. Mvua au fisi aliyejilaza karibu nao pia huwaweka chini.

Thibitisha kwa mlio. Ile sauti ya kujifunika blanketi, ukiisikia jioni mbili kutoka sehemu ileile huku mlio wa dume ukiwa wazi mlangoni, una jibu. Sikiliza ukiwa ndani ya gari, mbali. Usiende kwa miguu kuchungulia. Jike aliyesumbuliwa huwabeba watoto mmoja mmoja hadi shimo jingine, na kila safari ni nafasi kwa tai na fisi.

Kamera za mtego zifungwe mapema Agosti, kabla ya kuzaa, kwenye mashimo ambayo pointi za Julai zimeonyesha yanatumika. Mita tano hadi nane kutoka mlangoni, chini, kwa infraredi isiyoonekana, ndani ya kisanduku cha chuma. Cha chuma kweli. Fisi hutafuna kamera kama muwa.

Hatua ya 10: Kuhesabu watoto

Watoto huanza kuchungulia nje katika wiki ya pili na ya tatu. Egesha gari mita 80 hadi 100, zima injini nusu saa kabla ya machweo, subiri kwa darubini. Hesabu jioni tano, chukua idadi ya juu kabisa: ukipata 3, 4, 4, 2, 4, andika 4. Kisha andika pembeni kwamba hii ni idadi ya waliotoka, siyo ya waliozaliwa. Waliokufa ndani hakuna darubini inayowaona.

Watoto 3 hadi 6 ndiyo kawaida. Ukihesabu 8 au 9 kwenye shimo moja usifurahie rekodi. Serengeti inajulikana kwamba majike wawili, mara nyingi wa ukoo mmoja, huweza kuzaa shimo moja na kunyonyesha kwa pamoja. Hapo huwezi kusema nani ni wa nani kwa macho. Okota vinyesi vidogo mlangoni familia ikishahama, peleka maabara pamoja na manyoya ya wazazi, na vinasaba vitasema mama ni nani. Vitasema na baba ni nani, na mara nyingine jibu hilo halitakuwa dume aliyekesha mlangoni miezi miwili.

Hatua ya 11: Zamu ya baba

Sasa ile kola uliyomvika dume inalipa. Kwa kila usiku, hesabu pointi zake zilizo ndani ya mita 50 za shimo. Ongeza pointi zilizokosekana katikati ya pointi mbili za shimoni, kwa sababu karibu bila shaka alikuwa ndani na watoto. Zilizokosekana akiwa njiani uwandani usizihesabu upande wowote. Mfano: kati ya pointi 25, 14 ziko shimoni, 5 zimekosekana kati ya pointi za shimoni, 6 ziko mbali. Baba alikuwepo 19 kwa 25, asilimia 76 ya usiku. Kanuni hii iandike kabla hujaona matokeo, usije ukaipinda ipendeze. Kwa usiku kumi hivi ilinganishe na picha za kamera. Kama mstari mmoja wa utepe hauonekani pale kola inaposema yupo, mita 50 zako ni nyingi mno.

Fanya vivyo hivyo kwa jike, uweke mistari miwili kwenye chati moja. Katika jozi inayokwenda vizuri utaona zamu: mstari wa jike ukishuka, wa dume unapanda. Ndipo uulize ni watoto wangapi kati ya wale 4 walikuwa hai mwisho wa Novemba, na ulinganishe jozi kwa jozi.

Usisahau jozi zisizo na kola. Tafuta mashimo machache ambayo hukuyagusa, uyawekee kamera tu, uhesabu watoto kwa njia ileile. Kama wasiovikwa wanalea watoto wengi kuliko waliovikwa, tatizo ni kola zako.

Hatua ya 12: Mlio ukienda mbio

Kola nyingi huongeza kasi ya mlio zisipotikisika kwa saa kadhaa. Weka muda wa saa 8 hadi 12 za kutotikisika, vinginevyo kila mama anayelala na watoto atahesabiwa maiti. Mlio wa kifo ukisikika, nenda haraka kabla fisi hawajapita, ukiwa na glavu, barakoa na mifuko. Usipasue mzoga mwenyewe. Kichwa ndicho maabara ya kichaa cha mbwa inachokitaka, na kukitoa ni kazi ya aliyefundishwa. Kwa jike, daktari anaweza kusoma alama za kondo kwenye mji wa mimba na kukuambia alibeba watoto wangapi, habari ambayo kamera yako haikuweza kukupa.

Familia kadhaa zikipoteza watoto ndani ya wiki chache, usikimbilie kuwalaumu baba wazembe. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbweha masikio walikuwa miongoni mwa waliougua. Miaka michache kabla ya hapo, kichaa cha mbwa kiliwapiga mbweha hawahawa uwandani. Ripoti kwa daktari wa hifadhi siku hiyohiyo, na uliza vijiji vya jirani kama mbwa wao wanaumwa.

Hatua ya 13: Kuvua

Januari, watoto wakiwa wameacha ziwa na betri ikiwa bado ina pumzi, rudi na kikosi kilekile. Vuta taarifa zote kwa redio kabla ya kukamata, maana kola inaweza kugoma mikononi mwako. Mkate mkanda, kagua shingo, piga picha ya ngozi hata kama ni safi, pima uzito na uulinganishe na wa Juni. Ambaye hukumpata utamwachia kile kipande cha ngozi, na mara moja kwa wiki pitisha antena mpaka mlio wake usimame sehemu moja, ukaokote kola kwenye nyasi.

Kisha rudisha sumaku mahali pake, na uibandike kwa utepe mpya.